Kengele ya Mwisole

Bi Nyamizi hakuwahi kwenda makumbusho ya reli mikono mitupu. Kila Ijumaa alibeba hotpoti ya ugali na mlenda wa karanga, akaifunga kwa kanga kuukuu isipoe, na kila Ijumaa mlinzi wa getini, ambaye kazi yake ilikuwa kuzuia vyakula visiingie ndani, aligeukia upande wa pili mpaka mama wa watu apite. Chakula hakikuliwa na mtu. Jioni alirudi nacho, akakila mwenyewe kimeshapoa, akaosha chombo, akaanza kuingoja Ijumaa nyingine. Ukimuuliza kwa nini anajisumbua, alikujibu kwamba mumewe yuko zamu, na mtu aliye zamu hupelekewa chakula. Sasa hapo utamwambia nini.

Ijumaa hii alikuja na bintiye. Kalunde alikuwa ameikwepa safari hii tangu baba yake afariki. Mara kazi zimembana, mara mtoto anaumwa, mara nauli imepanda, mradi asije. Aliishi Kigoma, akifundisha hesabu shule ya sekondari, na watu walipomwambia wamemwona baba yake pale makumbusho ya Ipala, kapendeza na anaongea vizuri tu, aliwashukuru na kubadilisha mazungumzo. Kilichomtoa Kigoma ni simu ya mama yake.

"Jumatatu wanamzidisha baba yako," mama alisema. "Njoo umwone angali mmoja."

Getini kioo kirefu kiliwasomea masharti ya kuongea na mabaki, akili za marehemu zilizohifadhiwa humo, kwa sauti ya kike iliyolainishwa mpaka inakera. Usimtajie baki mwaka. Usimpe baki habari za watu wake. Usimwambie baki kwamba amekufa. Mgeni aliyekubali aseme nimekubali. Bi Nyamizi alilitamka neno hilo upesi upesi huku akirekebisha kanga, jinsi watu wanavyosema amina. Mlinzi akamkoholea Kalunde.

"Nimekubali," akasema, shingo upande.

Nyuma ya uzio treni ya siku hizi ilipita. Haikuwa na dereva, wala haikuwa na haja ya stesheni. Ilitoka pwani ikaishia ziwani bila kumsalimia mtu yeyote njiani. Vikombe vya kioski vilitikisika kidogo, na kabla havijatulia ilikuwa imeshapotea. Upande huu wa uzio kulikuwa na stesheni ya zamani ya Ipala, imepakwa rangi mpya, vigae vyake vyekundu vimeoshwa, injini nyeusi imesimamishwa kwenye reli isiyokwenda popote. Nyumba za wafanyakazi zilikuwa bado zipo nyuma ya banda la mizigo. Ile walimozaliwa Kalunde na kaka yake sasa ilikuwa choo cha wageni.

"Wamekitunza vizuri," alisema Bi Nyamizi. "Kina maji saa zote. Sisi hatukuwa na maji."

*

Mbele ya ofisi ya stesheni masta palikuwa na kundi la wanafunzi na mwongozaji wao. Dirisha la ofisi lilikuwa kubwa, lenye kioo, na nyuma ya kioo aliketi mzee Msabila.

Kalunde alijikaza. Alikuwa amejiandaa kuona picha, kitu cha kuwakawaka, cha kumwezesha kusema huyu siye. Lakini alikuwa yeye, na kofia yake, na suti nyeupe iliyopigwa pasi na mama, na ile tabia yake ya kuipanguza meza kwa kiganja hata kama haina vumbi. Pembeni yake ilisimama mashine nyekundu ya vibao, ya chuma kweli, yenye sindano ndogo kwenye kioo cha mviringo. Mzee hakuwaona watu wa nje. Aliwasikia tu, kama mtu anayesikia sauti kutoka chumba cha pili.

"Haya watoto," mwongozaji alisema, "muulizeni babu swali lenu."

"Babu, treni imefika?" wakaitikia kwa pamoja.

Mzee aliinua kichwa. "Bado, wajukuu zangu," alisema. "Bado. Kaseko hajagonga."

Wanafunzi wakacheka. Walikuwa wameambiwa angejibu hivyo, na kweli akajibu hivyo. Mmoja akauliza tena, ili asikie tena, na mzee akajibu tena, kwa upole uleule, ila mkono wake ulikuwa umeishika meza kwa nguvu. Mwongozaji akawaeleza kwamba huyu ndiye kivutio kikuu cha makumbusho, watu wanatoka mbali kumwona Mzee Anayesubiri, kisha akawapeleka kwenye injini kupiga picha.

Bi Nyamizi alivuta kiti chake. Kilikuwa chake kabisa, mlinzi alimwekea pale kila Ijumaa. Akaiweka hotpoti kizingitini mwa dirisha.

"Baba Mihambo, nimekuletea chakula."

"Kiweke hapo, Mama Mihambo. Siwezi kula sasa, kibao kiko njiani."

"Najua. Nimekuja na Kalunde."

"Kalunde? Saa hizi si angekuwa shuleni?"

Kalunde alikuwa na umri wa miaka arobaini na kitu, mvi zimeanza pembeni. "Shikamoo, baba."

"Marahaba. Mbona sauti nzito hivyo? Una mafua?"

"Ndiyo, baba. Mafua."

"Mwambie mama yako akuchemshie tangawizi." Kisha akasogea mbele, na uso wake ukafunguka kwa furaha ambayo Kalunde alikuwa ameisahau. "Umekosa, mwanangu. Kaka yako amepita hapa na treni, peke yake, dereva kamili. Unajua aliniitaje? Hakuniita baba. Alisema, stesheni masta, naomba kibao. Nikampa. Akakipokea, akaondoka, hakugeuka nyuma. Hivyo ndivyo inavyotakiwa." Akapanguza meza. Furaha ikaanza kumtoka taratibu. "Lakini amechelewa. Mwisole siyo mbali. Mtu anakwenda hata kwa baiskeli. Sijui kuna nini."

Kalunde akaitazama ile sindano kwenye mashine, na hapo ndipo alipoelewa. Wanafunzi hawakuelewa, mwongozaji hakuelewa, na wageni wote waliotoka mbali na kamera zao hawakuelewa. Lakini yeye alikuwa mtoto wa stesheni.

Njia ya Ipala hadi Mwisole ilikuwa moja tu, na treni mbili zikikutana humo hakuna wa kusimulia. Kwa hiyo kila stesheni ilikuwa na mashine nyekundu yenye vibao vya chuma vya mviringo, na mashine zote mbili ziliunganishwa kwa waya. Kibao kikitoka upande mmoja, zote zinajifunga, hakitoki kingine mpaka kile cha kwanza kiingizwe upande wa pili. Dereva asiye na kibao haondoki. Na stesheni masta ambaye kibao chake kiko njiani hali chakula, halali, hajui raha, mpaka mwenzake wa upande wa pili, ambaye kwa baba alikuwa Kaseko wa Mwisole, agonge kengele: mbili, halafu moja. Treni imefika. Kalunde alizijua kengele hizo kabla hajajua kusoma. Mbili na moja, imefika. Moja peke yake, naita, nijibu. Nne za polepole, bado. Ile ya bado waliigeuza ya nyumbani. Wakiwa na njaa wakauliza chakula kiko wapi, mama aligonga sufuria kwa mwiko, nne za polepole, na ya nne aliichelewesha kwa makusudi, na baba alicheka mpaka anashika mbavu.

Sindano ilikuwa imeelekea upande wa njiani, alama kwamba kibao bado hakijafika. Imeelekea huko tangu makumbusho yafunguliwe. Siku hazikumwingia baba yake, lakini kusubiri kulimwingia, kote, bila kupungua. Alikuwa amekaa miaka yote hiyo katika alasiri moja, akiamini mwanawe amepotelea njiani na treni nzima ya watu.

"Nakuja, baba," Kalunde alisema, akaondoka haraka kabla sauti haijamsaliti.

*

Fundi wa mabaki aliitwa Thadeo, kijana mwenye ndevu chache, na ofisi yake ilikuwa nyuma ya kioski, imejaa nyaya na vikombe vya chai visivyooshwa. Alipomwona Kalunde mlangoni alijua ni nani. Alifanana na baba yake paji la uso.

"Karibu, dada. Kaa."

"Sikai. Mlimkatia wapi?"

Thadeo hakujifanya hajaelewa. Alitoa kikombe kwenye kiti hata hivyo.

"Kabla ya kengele," alisema.

"Kwa bahati mbaya?"

"Hapana."

Akamweleza, macho yake yakiwa kwenye nyaya. Akili ya mtu, alisema, unaweza kuichukua yote, si kazi. Unamlaza, unamrudisha kwenye siku moja anayoikumbuka vizuri, unafunga kila kilichokuja baada ya siku hiyo, na siku hiyo ndiyo anayoishi. Kazi ni kuifanya ibaki. Baki la kwanza walilolitengeneza lilikuwa la mama mmoja mfumaji mikeka. Alifuma mkeka wake, akamaliza, akakaa kimya. Wakamwamsha, akasema amechoka, akanyamaza, na mpaka leo hajasema tena. La pili hivyohivyo. Mwili unatushika duniani kwa njaa na usingizi na haja ndogo; akili isiyo na mwili haina cha kuishika, isipokuwa jambo ambalo halijaisha.

"Ndipo wakubwa wakaamua," alisema Thadeo. "Kila baki liachiwe jambo moja."

"Baba alijua?"

"Hakuambiwa." Akajikuna ndevu. "Siku ile aliichagua mwenyewe. Kaka yako alikuwa ameshafariki. Mzee alikuja hapa na fimbo yake, akaniambia, kijana, nirudishe siku Mihambo alipopita na treni. Alitaka kuisikia kengele tena. Alinisimulia ilivyokuwa ilipogonga, jinsi alivyokwenda nyumbani anacheza. Mkono uliokata si wangu, dada. Ila nilikuwepo, na sikusema kitu."

Kalunde alitamani kumtukana, akakosa tusi linalotosha. Alimkumbuka Mihambo. Treni zilipoanza kujiendesha, madereva walipewa cheti na kupigiwa makofi, na Mihambo akaenda na cheti chake kilabu cha pombe. Hakufa na treni. Alikufa chumba cha kupanga, amevimba miguu, na baba ndiye aliyemfumba macho.

"Na Jumatatu?"

"Jumatatu wanatoa nakala. Kila makumbusho kuanzia pwani mpaka ziwani yanapata wake. Watu wanampenda."

"Wote watakuwa wanasubiri."

"Wote."

"Mashine ya Mwisole iko wapi?"

Mashine ya Mwisole, alisema Thadeo, iko banda la mizigo, waliileta stesheni ile ilipobomolewa. Waya kati yake na ofisi ya mzee uko hai, kwa sababu waya ukifa sindano inalala, na sindano ikilala mzee anachanganyikiwa. Kibao chenyewe kiko humohumo bandani, ndani ya kabati la kioo. Akiweka mtu kibao kwenye mashine, akagonga ilivyo, mzee ataisikia kengele, atafunga zamu. Atanyamaza siku hiyohiyo. Huenda saa hiyohiyo. Na lililonyamaza halitolewi nakala.

"Halitarudi tena?"

"Halirudi."

Akatoa rundo la funguo mfukoni, akaliweka mezani kati ya vikombe, akasema anakwenda kutafuta maandazi. Alipofika mlangoni akaongeza, bila kugeuka, kwamba maandazi ya pale huwa na foleni.

*

Bi Nyamizi alikuwa amesimama mlangoni mwa banda, hotpoti mkononi. Hakuna aliyemwambia kitu. Aliona tu binti yake anavyotembea, na funguo.

"Unakwenda kumuua baba yako," alisema.

"Baba alishakufa, mama. Tulimzika wote."

"Wewe ulimzika wako. Wangu yuko ofisini."

"Anateseka. Humwoni mkono anavyoshika meza?"

"Anasubiri. Kusubiri ni kuteseka? Mimi nimemsubiri yeye maisha yangu yote. Treni imechelewa, treni imeacha njia, mvua imekata daraja, na mimi niko jikoni nakipasha chakula moto mara ya tatu. Hakuna aliyekuja kuniambia nateseka."

"Walimdanganya, mama. Aliomba kengele, wakamnyima kengele. Na Jumatatu watafanya wengine, kila mji, watoto wanamcheka."

"Waache wacheke."

"Mama."

"Nisikilize, Kalunde." Sauti yake ilishuka. "Huku nje Mihambo yuko makaburini. Nilimwosha miguu mwenyewe, unakumbuka ilivyokuwa. Lakini pale dirishani, Mihambo yuko njiani. Amechelewa tu. Nikikaa na baba yako tunamsubiri wote wawili. Nikiwa pale nina mtoto anayekuja. Wewe ukigonga hiyo kengele unaniulia wawili kwa mpigo mmoja, halafu unapanda gari lako unarudi Kigoma."

Kalunde alianza kulia, na hakujificha. Alijua mama yake anasema kweli, na alijua kuwa kweli hiyo imejengwa juu ya mgongo wa baba yake. Ampe nani raha? Aliye hai atabaki na nini, na aliye ndani ya kioo atabaki hivyo mpaka lini? Kama angekuwepo mtu wa kumuuliza angemuuliza. Mtu aliyekuwa anamuuliza mambo mazito alikuwa baba yake.

"Siku ile Mihambo alifika," alisema mwishowe. "Sisemi uongo wowote. Alifika Mwisole salama, Kaseko akagonga, na baba akaja nyumbani anacheza. Ulimcheka wewe. Namrudishia kilicho chake tu."

Bi Nyamizi alimpisha mlangoni, akaingia nyuma yake, akaketi juu ya mzani wa zamani wa mizigo, hotpoti mapajani. Sindano ya mzani ikapanda kidogo ikatulia.

*

Mashine ya Mwisole ilikuwa pacha wa ile ya Ipala, ila rangi yake imebabuka. Ukutani juu yake palikuwa na spika, ili wageni wa bandani wamsikie mzee. Yeye hakuweza kuwasikia wao. Kilichomfikia kutoka humu kilikuwa kengele peke yake.

"Bado kimya," spika ilisema, kwa sauti ya baba. "Bado kimya, Kaseko."

Kalunde alifungua kabati la kioo. Kibao kilikuwa kizito kuliko alivyokumbuka, na maandishi yake, IPALA–MWISOLE, yalikuwa yamelainika kwa mikono ya watu. Kilikuwa kimepita pia mkononi mwa Mihambo. Alikiweka kwenye droo ya mashine, akaisukuma, ikaingia kwa mlio wa chuma. Mama yake alifumba macho.

Kitufe cha kengele kilikuwa kigumu. Utotoni, baba alipokuwa akimruhusu kufanya mazoezi mashine ikiwa imezimwa, ilibidi akibonyeze kwa mikono yote miwili na kujitupa juu yake. Akaweka kiganja. Akagonga mbili. Akangoja. Akagonga moja.

Ofisini kengele ililia, waliisikia kwenye spika, safi kabisa. Sasa baba yake angeirudia kengele hiyohiyo, kuthibitisha kwamba amesikia. Angecheka. Angevaa kofia vizuri, angefunga dirisha, angekwenda nyumbani.

Hakuirudia.

"Siyo Kaseko huyu," ilisema spika.

Kalunde aliondoa kiganja kwenye kitufe.

"Kaseko anagonga kama anapigilia msumari. Huyu mbili zake zimeshikana. Huyu anajitupa kwenye kitufe." Kiti kikasogezwa. "Kalunde?"

"Baba," alisema Kalunde, kwa spika isiyosikia.

"Kalunde, mwanangu, ulikuwa hapa dirishani sasa hivi. Umefikaje Mwisole?" Alikuwa anafikiri kwa sauti, taratibu, kama alivyofikiri siku zote, jambo moja likishaisha ndipo lingine. "Hujapanda treni. Njia imefungwa, kibao anacho Mihambo. Na Kaseko yuko wapi mpaka mtoto akae kwenye mashine yake? Halafu unigongee kwamba amefika. Mwanangu hawezi kunigongea kengele ya uongo. Nilimfundisha mwenyewe kwamba kengele ya uongo inaua watu. Hawezi. Labda..."

Bi Nyamizi alifumbua macho.

"Labda ananihurumia," alisema mzee.

Waliisikia meza ikipanguzwa. Mara moja, mara ya pili, kisha ikaachwa. Aliposema tena, sauti ilikuwa nyingine, imezeeka ghafla, sauti ya yule mzee wa fimbo ambaye Thadeo alidai wamemfungia.

"Kalunde. Hivi Mihambo si tulimzika?"

Kisha kengele ikalia bandani. Moja. Naita, nijibu.

Kalunde alikiangalia kitufe. Ikalia tena. Moja. Agonge nini? Kama angegonga kwamba amefika, angemdanganya mtu aliyeshamjua. Kunyamaza kungekuwa ndiyo, tulimzika, na mzee angebaki humo na jibu hilo, bila mtu wa kumshika mkono, bila siku ya pili, katika alasiri ambayo haitaisha, yeye na wenzake wote watakaotolewa Jumatatu. Alikuwa amemfungulia mlango ambao hata waliomkata walikuwa na huruma ya kuufunga. Kengele ikalia. Moja.

"Kitoe hicho kibao," alisema Bi Nyamizi.

Alikuwa amesimama. Hotpoti aliiacha juu ya mzani.

"Mama, siwezi..."

"Kitoe, nimesema."

Droo ilikuwa haijajifunga, kwa kuwa upande wa pili haukuthibitisha. Kalunde alikivuta kibao. Mama yake akamsogeza kwa bega, akakiangalia kitufe kwa sekunde, akakiwekea kiganja kilichokomazwa na mwiko miaka yote. Akagonga. Moja. Mbili. Tatu. Akangoja kidogo, zaidi ya inavyotakiwa. Nne.

Bado.

Nje wanafunzi walikuwa wakipigiana kelele kwenye injini. Bi Nyamizi hakutoa mkono kwenye kitufe, na machozi yalimtiririka mpaka kidevuni bila yeye kuyashughulikia.

"Mama Mihambo?" ilisema spika.

Halafu wakamsikia anacheka, kicheko chembamba, cha mtu aliyeteleza akashika ukuta. "Mwanamke huyu. Na mimi nimekaa hapa nawaza mambo ya ajabu. Njaa hii." Meza ikapanguzwa. Sauti ilikuwa imerudi ilikokuwa, imenyooka, ya zamu. "Haya. Bado. Nimesikia."

Kengele ikalia bandani, nne za polepole, kuthibitisha.

"Nasubiri," alisema mzee Msabila.

Kalunde alisimama na kibao mkononi. Angeweza kukitupa kisimani. Angeweza kuukata waya. Akakirudisha kabatini, kwenye kitambaa chake cha bluu, maandishi yakiwa juu ili wageni wasome, akafunga kwa ufunguo. Kutoka ofisini lilisikika kundi lingine la wanafunzi likiuliza kwa pamoja, na baba yake akiwajibu kwa upole kwamba bado, wajukuu zangu, bado.

Bi Nyamizi alijifuta uso kwa ncha ya kanga, akaichukua hotpoti juu ya mzani, akaipapasa ubavuni kuona kama ina joto. Akamkabidhi bintiye.

"Ibebe wewe," alisema. "Twende tumpelekee baba yako chakula kabla hakijapoa."

Kalunde akaipokea kwa mikono miwili, akamfuata.